Hina ya Mwanamke wa Kwenye Chungu

Mjukuu wangu Nasra anapenda kufutia rangi yake ya kucha sebuleni, miguu kaiweka juu ya meza, na kichupa cha dawa yenyewe hakifuniki mpaka amalize vidole vyote. Juzi harufu ile ilinifuata mpaka uani nilikokuwa nachambua mchele. Nikaweka ungo chini, nikaenda kusimama mlangoni. Akaniuliza, "Bibi, inakukera?" Nikamwambia hainikeri. Lakini nilikuwa nimesimama namtazama vile vidole vyekundu, na moyo umeshaanza mbio zake za zamani, mbio za mtoto anayechungulia mahali asipotakiwa.

Nyie wenzangu mliokulia Temeke wakati Uhuru bado mbichi mnajua kwamba mie sikusoma. Nilifika darasa la tatu, hesabu zikanishinda, nikabaki na majina. Mwaka msiniulize. Lakini nitajie nyumba yoyote ya mtaa wetu, nitakwambia nani alilala chumba cha mbele, nani cha nyuma, na mbuzi wao waliyemwita Sikujua alichinjwa kwenye arobaini ya nani. Kwa hiyo haya nitakayosema si ya kubahatisha. Ninachobahatisha ni kimoja tu, na hicho mpaka leo kinaninyima raha.

Mie nililelewa na shangazi yangu, Mwanahawa binti Mwinyimkuu. Mama alifariki kabla sijajua kumwita. Baba akaoa mke mwingine, Bi Salima, wakahamia Rufiji kwenye kijiji kipya, vile vijiji vya kulima pamoja. Aliponiacha kwa dada yake nilikuwepo, nimeshika pindo la khanga ya shangazi, nikasikia kwa masikio yangu. Alimwambia mtoto namwacha kwako, lakini siku nikisikia jina lako linatembea vinywani mwa watu, namchukua, na hatarudi. Alisema hivyo kwa sababu shangazi alikuwa ameshaachika mara mbili, na mwanamke aliyeachika mara mbili, mnajua wenyewe, hata akikohoa watu wanauliza amekohoa na nani.

Basi mie nikawa mlinzi wa shangazi. Sikuambiwa na mtu. Nilijua tu kwamba duniani nina mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kuniponyoka kwa neno.

Kazi yake ilikuwa kuchora hina na piko nyeusi. Maharusi wa Temeke nzima walikuwa wake, na wa Mtoni, na wa Chang'ombe. Alichora kwa kijiti cha chelewa ya mnazi alichokichonga mwenyewe kwa wembe, na akishaanza haongei, hapumui hata, unadhani kafa amekaa. Wenzake walijaza maua na majani kiganja kizima. Yeye alikoleza ncha za vidole mpaka kiungo cha kwanza, kisha katikati ya kiganja akaweka nukta moja ya duara, basi. Watu walisema nukta ile inamtazama bwana harusi.

Mtaa wetu ulikuwa na bomba moja la maji, na nyumba ya tatu kutoka bombani alipanga Fundi Longino. Alikuwa mtu wa kusini, wa kule Ndanda, Mkristo, mtu mzima asiye na mke, mrefu, mpole mno. Upole wake ndio ulioanza kuwatia watu mashaka. Alitengeneza taa za karabai na majiko ya mafuta ya taa. Zamani alifanya kazi mjini, kwenye nyumba ya sinema, chumba cha mashine. Picha zilipoanza kusema, tajiri wake akaona zile za zamani zisizosema ni takataka, na Longino akaziomba. Alikuja nazo Temeke kwa mkokoteni, makopo ya bati ya duara yaliyopangwa kama sinia, na mashine ya kuzungusha kwa mkono.

Sasa sikilizeni vitu vilivyokuwa chumbani kwa mwanamume huyu anayeishi peke yake. Madirisha yamezibwa kwa magunia. Ukutani zimetundikwa ndoo nne, nyekundu, zimefunikwa. Na maji. Kila siku alitaka maji mengi, kuliko nyumba yenye watoto saba. Kiingilio chake cha sinema kilikuwa ndoo ya maji. Mtoto akileta ndoo, Jumapili baada ya alasiri anaingia kutazama.

Leo najua filamu za zamani zile zilikuwa zinashika moto kama petroli, na mtu aliyefundishwa kazi chumba cha mashine hawezi kulala bila ndoo za mchanga ukutani na magunia yaliyoloweshwa maji. Lakini sie tulijua kitu kingine. Tulijua mumiani. Nyie mnakumbuka: watu wanaokamata watu na kuwatoa damu, na damu inakwenda kufanywa dawa. Na tuliambiwa mumiani wamo kwa watu wa zimamoto, wenye magari mekundu na ndoo nyekundu. Sasa mtaani kwetu kuna ndoo nne nyekundu, na hakuna gari la zimamoto. Mama Siwema, aliyekaanga vitumbua pale bombani na aliyejua habari za watu kabla wenyewe hawajazijua, alikuwa akimwitikia Fundi salamu vizuri kabisa, kisha akishapita anatuuliza sie watoto, "Mwanamume mmoja, maji yote yale. Anaosha nini?"

Na bado tulikwenda. Ndiyo ajabu ya watoto. Tulikwenda mie, Tatu binti Omari, Mwajuma na mdogo wake Shomvi, tumeshikana mikono, ndoo vichwani, na tumekubaliana kwamba atakayekaa karibu na ukuta wenye ndoo ni Shomvi.

Sijui nitawaelezaje nilichokiona. Fundi alizima mwanga wa mlango kwa gunia la mwisho, akawasha karabai ndani ya sanduku la bati, akaanza kuzungusha. Kwenye shuka jeupe kukawa na mvua, mvua nyeusi isiyolowesha, na nyuma ya mvua kulikuwa na dunia. Kulikuwa na bahari, mawimbi yake ni mbao zinazokwenda mbele na nyuma kama meno ya msumeno. Samaki walipita wakining'inia. Nyuzi zao nimeziona. Jua lilikuwa na kope, likasinzia. Kila kitu unaona kabisa kwamba kimetengenezwa na mtu kwa gundi na mkasi, na ukishaona hivyo ndipo unazidi kusadiki. Sijui kwa nini. Nimeona televisheni za wajukuu zangu, bahari ya kweli, samaki wa kweli, na sijashtuka hata mara moja kama nilivyoshtushwa na wale samaki wa karatasi.

Kisha akatokea mzee mwenye kofia ndefu na chungu kikubwa kuliko yeye. Akakipiga kwa fimbo. Akatoka mwanamke. Alipanda taratibu kama mvuke, nywele zimemwagika, nguo ya mabawa, na nguo ile ilikuwa na rangi. Rangi ilikuwa imepauka, lakini ilikuwapo, wekundu unaocheza, unaotoka nje ya nguo kidogo na kurudi, kama moto unaojaribu kukaa kimya. Akaja mbele mpaka akajaa kwenye shuka, akatuinulia viganja vyake viwili. Akafungua mdomo, akasema kitu. Hakuna sauti. Tulisikia mashine tu, tre-tre-tre. Yule mzee akapiga makofi, moshi ukapanda, mwanamke hayupo.

Hakuondoka, hakujificha. Alikuwepo na sasa hayupo.

Nikanyanyuka gizani, nikapita kati ya wenzangu, nikaenda kuchungulia nyuma ya shuka. Kulikuwa na ukuta, na ndoo nne.

Mwajuma alisema tukitoka kwamba wale watu wamekatwa ndimi kwanza, ndiyo maana hawasemi. Mie nilirudi mlangoni nikamuuliza Fundi mwenyewe, baada ya kumwamkia, yule mama kaenda wapi. Alikuwa anakunja mkanda. Alinitazama kwa upole ule ule akasema, "Yumo ndani ya kopo, binti yangu. Jumapili ijayo anatoka tena."

Toka siku ile makopo yale niliyaogopa kuliko ndoo.

Haukupita muda mrefu shangazi akaanza kutoka asubuhi, saa nne hivi, na kurudi adhuhuri. Alisema anakwenda Kariakoo kutafuta hina nzuri, ya mtaani kwetu siku hizi inachanganywa na mchanga. Mara ya kwanza niliamini. Mara ya tatu nikaona hina haiongezeki kwenye kopo lake. Na alirudi na harufu ngeni, kali, tamu kidogo, kama ile ya kichupa cha Nasra, ya kupanda puani mpaka nyuma ya macho. Alirudi macho mekundu, kichwa kinamuuma, anajilaza kitandani na mkono juu ya paji la uso. Chakula akawa anakisogeza tu sahanini. Na vidole vyake. Mie nazijua rangi za hina zote, ya kukolea, ya kufifia, ya siku saba. Huu haukuwa wekundu wa hina. Ulikuwa umekaa pembeni mwa kucha, mbichi, na aliusugua kwa limau kabla sijamwuliza.

Basi siku moja nilimfuata. Sikumfuata mbali. Alipita bombani, akazunguka nyuma, akaingia kwa Fundi Longino kwa mlango wa uani bila kubisha hodi.

Gunia la dirisha la uani lilikuwa limeliwa na panya pembeni. Niliweka jicho. Nawaambieni nilichokiona kama nilivyokiona, si kama ninavyokijua leo. Shangazi ameinama juu ya kioo, na mwanga unatoka chini ya kioo unampiga usoni, kwa hiyo uso wake ulikuwa mweupe kama wa maiti. Kwenye mapaja yake kunapita kitu cheusi, chembamba, kirefu, kinachotoka kwake kikiingia ndani ya kopo, na kopo liko mikononi mwa Fundi. Fundi anavuta polepole. Na mbele yao, kwenye kisosi cha chai, kuna damu.

Sikupiga kelele. Nilirudi nyumbani nikakaa chini ya kitanda mpaka aliporudi, nikamgusa mguu kuona kama una joto.

Kesho yake nikaenda tena. Safari hii Fundi alikuwa anampepea kwa kipepeo cha ukili, na shangazi alikuwa anacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka vile, cheko la chini linaloanza tumboni. Nikajua ameshaanza kupumbazwa. Tuliambiwa mumiani wana dawa ya kumfanya mtu afurahi. Siku ya tatu Fundi alimshika shangazi mkono. Alimshika kifundo cha mkono, akakiinua kwenye mwanga, akakitazama kwa muda mrefu, na shangazi akamwachia. Mie nikajua anatafuta mshipa.

Ndipo nikaenda kwa Mama Siwema.

Nilifikiri sana kabla, msidhani sikufikiri. Nilijua jina la shangazi halitakiwi kutembea vinywani mwa watu. Lakini nikajiambia mtu anayetolewa damu hana kosa, watu watamhurumia, na baba hawezi kumkasirikia. Nikamwambia Mama Siwema kila kitu cha damu. Kicheko na kule kushikana mkono sikumwambia. Sijui nani alinifundisha kuchagua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kajiti kake ka kugeuzia kamesimama hewani, na vitumbua saba vikaungua mbele yetu. Kwa miaka yote ya maisha yake Mama Siwema hakuwahi kuunguza vitumbua.

Jumapili hiyo walikwenda kwa Fundi watu kama thelathini, na mbele yao Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mfaume Mbwana. Siku hizo kwenye mikutano tuliambiwa kila mara tuwe macho, maadui wa nchi wamejipenyeza, ukimwona mtu usiyemwelewa toa taarifa. Kwa hiyo watu walikuwa tayari. Wengine walikuwa na rungu. Balozi Mfaume alikuwa mtu wa utaratibu. Alisema mapema kwamba atakayempiga mtu kabla ya yeye kuona kwa macho, huyo ndiye atakayefikishwa polisi.

Shangazi hakuwepo, alikuwa kwa bibi harusi. Mie nilikuwa nyuma ya Mama Siwema, nimeshika gauni lake.

Fundi alifungua mlango akawakaribisha, akatafuta viti. Balozi akamwambia ashushe ndoo. Akashusha ya kwanza, ikamwagwa sakafuni. Mchanga. Mtu mmoja, Abdala Kikoti, akasema damu iko chini ya mchanga, humwagi vizuri. Ikamwagwa ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka chumba kikawa kama ufuo. Mchanga mtupu. Kisha wakaona visosi mezani, kimoja chekundu, kingine kijani, kingine zambarau, na pembeni kichupa cha gundi ya mikanda, chenye harufu ile ile aliyorudi nayo shangazi. Mama Siwema akachovya kidole kwenye chekundu, akanusa, akakisugua kwenye khanga. Akasema hii ni rangi ya ukili, ya kutia kwenye mikeka, hata mie ninayo ndani. Nilisikia kundi lote linapumua, lakini si kwa furaha. Lilipumua kama mtu aliyejiandaa kula halafu akaambiwa chakula kimekwisha.

Balozi akauliza rangi ya mikeka mwanamume anaifanyia nini. Fundi akasema zile picha zimechakaa, rangi imetoka, anazirudishia. Ni kazi ndogo, alisema, picha moja ni kama ukucha wa kidole gumba, na mwanamke yule mmoja tu ana picha mamia kwa mamia. Balozi akamtazama yale mavidole yake ya kutengenezea majiko, mazito kama ndizi mzuzu. Akasema, "Tuonyeshe."

Mlango hawakukubali ufungwe. Abdala Kikoti alisimama pale na rungu lake. Kwa hiyo shuka halikuwa na giza la kutosha, na picha zilikuwa nyepesi kama kitu unachokumbuka. Bahari ya mbao ikaja. Samaki wakapita. Watu wazima walianza kuguna, mmoja akacheka. Mzee wa kofia akapiga chungu. Na yule mwanamke akapanda, na jamani, alikuwa amebadilika. Nguo yake sasa ilikuwa nyekundu ya kweli, mabawa yana kijani pembeni, zambarau katikati, na rangi zinatetemeka juu yake kama kuku anayekung'uta maji. Abdala Kikoti akashusha rungu lake. Akaja mbele. Akatuinulia viganja.

Ncha za vidole zilikuwa zimekolezwa mpaka kiungo cha kwanza. Na katikati ya kila kiganja palikuwa na nukta moja ya duara, inatutazama.

Mzungu yule, sijui wa nchi gani, sijui alikufa lini, alikuwa amepakwa hina kama bibi harusi wa Temeke. Shangazi hakuweza kujizuia. Nimemfikiria miaka yote hii na naamini hivyo. Aliambiwa apake nguo, akapaka nguo. Akafika kwenye mikono, akaona mikono mitupu ya mwanamke, na mkono wake mwenyewe ukakataa kuipita.

Wanawake wote mle ndani waliijua nukta ile. Nusu yao waliolewa nayo. Balozi, ambaye hakuijua, akauliza nani aliyepaka, na Fundi Longino akajibu kwa haraka, kwa mara ya kwanza upole ukamwacha, kwamba amepaka yeye.

Mama Siwema akasema, "Fundi, wewe? Na wewe ndiye uliyenipaka mie nilipoolewa?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko marungu. Nikaona nyuso zinageuka, na nikaelewa, mtoto wa miaka minane, kwamba wameshasahau damu. Wanawaza mlango wa uani. Na wakati huo huo kivuli kirefu kikaingia kwenye shuka, kikamfunika mwanamke wa chungu. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, kapu lake la hina mkononi. Hakuuliza kuna nini. Alitazama mchanga sakafuni, akatazama shuka, akasema, "Nimepaka mie."

"Kumbe Kariakoo imehamia huku siku hizi," alisema Mama Siwema.

Balozi Mfaume aliandika kwenye daftari lake kwamba hakukuonekana damu. Zaidi ya hapo hakuandika, na ninamshukuru. Lakini daftari haliwezi kuziba midomo. Haikupita wiki mbili, baba akateremka kwenye lori la Rufiji.

Alikaa kwenye mkeka, hakunywa chai. Alimwambia shangazi atoke, anataka kuongea na mwanawe. Shangazi alikwenda chumbani na pazia likashuka. Lilikuwa pazia la kitambaa tu, na vidole vya miguu yake nilikuwa naviona chini yake, havisogei.

Baba akaniuliza taratibu, "Wanasema wewe ndiye uliyechungulia. Mtu yule alimgusa shangazi yako?"

Kifurushi changu kilikuwa kimeshafungwa. Nilikiona pale mlangoni, gauni langu la idi limefungwa kwa khanga, maana baba alikuwa amemwagiza Tatu akifunge kabla hajaniuliza. Nikaona Rufiji, nikamwona Bi Salima, ambaye hakuwa mbaya, lakini hakuwa shangazi. Nikasema hapana. Nikasema alikuwa amekaa mbali kwenye kiti chake, na shangazi alikuwa anafanya kazi yake amempa mgongo. Nikaongeza kwamba walikuwa hata hawasemeshani. Uongo ulinitoka laini kama mafuta, na kila neno nililiona linafanya kazi usoni kwa baba.

Alinitazama sana. Kisha akafungua kifurushi kwa mkono wake mwenyewe, akanipa gauni langu, akaenda kulikimbilia lori kabla halijageuza.

Shangazi alitoka nyuma ya pazia. Nilidhani atanikumbatia. Aliketi pale pale alipoketi baba, akaniuliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza bei ya dagaa, "Ulichungulia siku ngapi?"

"Moja tu, shangazi."

Alijua nimedanganya. Nilimwona anajua. Mtu aliyechungulia siku moja hahitaji kusema hawakugusana, anasema hakuona. Akatingisha kichwa taratibu, akaanza kuosha vikombe.

Fundi Longino alihama mwezi huo huo. Walisema kaenda Kibamba, wengine wakasema karudi kwao kusini. Alipakia makopo yake kwenye mkokoteni mchana kweupe, watu wanatazama, na hakuna aliyemsaidia wala aliyemsumbua. Ndoo zake aliziacha; Mama Siwema alichukua mbili. Shangazi siku hiyo aliamka mapema, akaoga, akavaa khanga mpya, akasema anakwenda Mtoni kuchora bibi harusi, binti wa Mzee Chande.

Nilikaa kidogo. Kisha nikamfuata.

Najua mtasema mtoto gani huyu, baada ya yote yale. Nami najiuliza. Huenda nilitaka kuhakikisha kwamba hatapanda mkokoteni. Huenda jicho likishaonja tundu haliachi. Mpaka leo sijui kule kushikwa mkono kulikuwa nini: fundi aliyekagua kama mkono wa mfanyakazi wake umeanza kutetemeka, au kitu kingine ambacho wao wawili walikijua na kukiacha. Shangazi hakuwahi kuniambia, hata siku za mwisho nilipokuwa namlisha uji kwa kijiko. Hakuolewa tena. Tuliishi pamoja, tulipendana, na kila nilipotoka aliniuliza nakwenda wapi, na kila alipotoka nilimwuliza.

Nilifika kwa Mzee Chande nikiwa natweta. Ngoma ilikuwa bado haijaanza. Nikazunguka nyuma, nikapanda kwenye kinu kilichopinduliwa, nikaweka macho kwenye nondo za dirisha. Kulikuwa na bibi harusi kweli, amenyoosha mikono juu ya mto, na wanawake watatu, na shangazi katikati yao ameinama na kijiti chake cha chelewa, hapumui. Alikoleza kidole cha mwisho. Akahamia katikati ya kiganja, akaweka nukta yake, akaizungusha mpaka ikakamilika.

Hakuinua kichwa. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, na wale wanawake wakadhani anasema na wao:

"Pitia mlangoni, mwanangu. Njoo ukae hapa, utazame vizuri."